Mbaazi Zisizotiwa Chumvi

Bisha. Bisha sasa hivi, kabla hujamaliza hizo chipsi, halafu nikimaliza mimi tuone nani atataka kusindikizwa kwao. Na hicho kikopo cha chumvi kisogeze huko kwako. Huko zaidi. Ahsante.

Unanijua: Imrani, bodaboda mwenye chombo kikali kuliko wote hapa Nachingwea. Shule niliishia la tano, walimu walishindwa kasi yangu. Ila habari za homoni nakuzidi wewe na cheti chako, maana nilifundishwa na Dokta Klementina mwenyewe, nikiwa nampakia kila siku.

Yule mama alikuwa mtafiti wa damu. Mwilini, alinieleza, kuna homoni inayoiambia figo: shika chumvi, usiiachie. Ikizidisha kelele, presha inapanda, mtu anaanguka shambani akiwa na jembe mkononi. Yeye alitaka kujua homoni hiyo inakuwaje kwa mtu asiyeonja chumvi kabisa. Aliihangaikia miaka, mpaka mume akachoka akaondoka. Basi akatafuta familia huko Ruangwa zikubali kupika bila chumvi, mimi nampeleka, yeye anachukua damu.

Familia za kijiji cha Narung'ombe zikajitoa. Za Mbekenyera nazo zikajitoa.

"Chakula kisicho na chumvi ni cha majini, dokta," walimwambia. "Tukikipika kila siku, tunamkaribisha nani?"

Alilipiga teke boksi lake la barafu. "Nisome mpaka macho yaume, nije kushindwa na majini!"

Ikabaki nyumba moja tu, ya Bi Hadija na binti yake Asmaa, pale Nandagala. Hao nao wakijitoa, utafiti unafungwa.

Ilianza na sahani. Bi Hadija alimpakulia mumewe mbaazi, akazifunika kwa kawa, maana mzee alikuwa bado shambani. Aliporudi wakafunua: sahani nyeupe, imelambwa. Paka hawana.

Tulipofika mara iliyofuata, Asmaa alikuwa amekonda, shingo kama ya kuku wa kideri. Dokta akawaka.

"Kama mnakula pembeni, niambieni! Mnanipotezea kazi."

"Tule nini, mwanangu?" Bi Hadija alisema kwa sauti ya chini, anaangalia mlango wa jikoni. "Nikipika, nikigeuka, sufuria tupu. Sisi tunalala na maji."

Dokta akacheka kwa hasira. "Pika sasa hivi. Nakaa hapa hapa, nione mwizi."

Ilikuwa mchana, jua la utosi, hata kuku wamejificha. Mbaazi zikaiva, zikapakuliwa, tukakaa mkekani. Dokta akatoa mashine ya presha ampime Asmaa, akaweka kile kitambaa cha kufunga mkononi pembeni ya sahani. Kwanza ikaja harufu ya udongo ulionyeshewa, wakati mvua hatujaiona tangu masika. Halafu tukasikia vidole vinakwangua sahani, polepole, kama mtu mwenye adabu zake.

Mbaazi zikawa zinapungua.

Nami, nisiyeogopa hata simba wa Selous, nikabaki natazama kile kitambaa kinanyanyuka chenyewe, kinajizungusha, kinatuna na kubana kitu kinene ambacho hakikuwepo, huku mashine inanguruma na tarakimu zinapanda, zinapita presha ya binadamu, zinaendelea kupanda, na ile harufu inazidi mpaka pua zinauma, na Asmaa anaanza kupumua kwa kufuatana na mngurumo ule kana kwamba mapafu si yake tena.

Unadhani dokta alikimbia? Thubutu! Alichukua sindano.

"Hajawahi kula chumvi," alinong'ona. "Maisha yake yote. Imrani, ndiye niliyekuwa namtafuta."

"Usimguse, mwanangu," Bi Hadija akalia kwa kunong'ona. "Nakuomba, usimguse."

Asmaa akafumbua kinywa. Ikatoka sauti ya mwanamume mzee: "Njaa yangu bado."

Na mkono wa mtoto ukaanza kuingia mdomoni mwake mwenyewe, meno yakashika.

Dokta akaitazama sindano. Akamtazama Asmaa. Alitoa mlio kama mtu aliyechomwa, akaitupa sindano, akachota chumvi ya mawe kwenye chungu cha Bi Hadija kilichofungwa tangu utafiti uanze, na kuimwaga yote kwenye sufuria, kwenye sahani, kinywani mwa binti. Harufu ikakatika. Asmaa akatapika, akaita, "Mama." Kitambaa kikaanguka mkekani, kimenywea.

Njia nzima ya kurudi dokta alilia mgongoni kwangu. Nyumba ya mwisho imekula chumvi. Utafiti umekufa.

Ndivyo ninavyowasimuliaga wote. Wewe umeninunulia soda, basi chukua na kipande ninachokirukaga.

Chumvi ilipomwagika, kitambaa kilianguka kule, huku mkono wangu wa kushoto ukabanwa. Haujaachiwa mpaka leo. Gusa. Unaona? Na nikisikia tu harufu ya chumvi, unazidi kubana.

Nilimwambia dokta njiani, nikitaka anipeleke kwa mganga. Alinyamaza kulia palepale. "Usitibiwe kwanza," alisema. "Nakuomba, mdogo wangu."

Na mimi na sifa zangu nikakubali. Siku hizi nakula mbaazi peke yangu, na sishibi. Dokta anakuja na sindano zake, ananenepa kwa furaha. Jana nilimwambia, dada, nimechoka, niitie mganga.

Hakuinua hata uso kutoka kwenye kichupa cha damu yangu.

"Bado kidogo," alisema.