Sauti ya Kaka Ilikuwa Kwenye Diski Moja

Kila asubuhi kinyozi alifagia duka lake, akapangusa kioo, kisha akawasha muziki. Wateja walisema kwamba ukikaa kwenye kiti chake, kichwa hunyolewa na roho hutulia.

Muziki ulitoka kwenye laptopu iliyokaa kwenye rafu, chini ya kioo. Pembeni yake kulikuwa na diski, kiboksi cheusi kinachoenea kiganjani. Ndani ya kiboksi hicho mlikuwa na nyimbo zaidi ya elfu kumi na mbili. Kinyozi alizikusanya tangu ujana wake. Nyingine alinunua. Nyingine alipewa na marafiki. Nyingine alizihamisha kutoka kwenye kanda za zamani, mojamoja, kwa uvumilivu wa mtu anayechambua mchele.

Alizozipenda zaidi ni nyimbo za kaka yake. Zamani kaka aliimba kwenye bendi. Haikuwa bendi maarufu, na haikuwahi kutoa santuri. Lakini mpiga ngoma wao alikuwa na redio ya kurekodia, na kanda zake ziliishia mikononi mwa kinyozi. Baadaye kaka aliugua koo. Madaktari walimpasua, wakaokoa maisha yake, lakini sauti haikurudi. Sasa alinong'ona tu.

Kila Jumamosi kaka alikuja dukani. Hakuja kunyolewa, maana kichwa kilikuwa kipara kitupu. Alikuja kujisikiliza. Alikaa kwenye benchi, akafumba macho, vidole vikicheza juu ya goti.

"Huyu anayeimba ni nani?" mteja mgeni aliuliza siku moja.

"Ni huyo hapo ubavuni kwako," kinyozi alijibu.

Mteja alimgeukia yule mzee mwenye kovu shingoni. Akampa mkono.

Mke wa kinyozi alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikuwa kwenye chumba cha pili, na mlango wa katikati haukufungwa. Siku kinyozi alipomaliza kuhamisha kanda, mke wake alimwona akizitia kwenye gunia.

"Baba watoto, hizo unazipeleka wapi?"

"Nazitupa. Vumbi tupu, na zinakula nafasi. Nyimbo zote zimo humu sasa."

"Je, hicho kiboksi kikiharibika?"

"Kitaharibikaje? Hiki ni kipya."

"Hata marehemu aliwahi kuwa mzima."

Kinyozi alicheka. "Haya mama, umeshinda. Mwezi ujao nitatafuta kingine."

Mwezi ujao ukaja, ukapita. Ukaja mwingine. Gunia la kanda lilikwisha kwenda na gari la taka.

Siku ya balaa, duka lilijaa. Kinyozi alikuwa akimnyoa fundi bomba. Alizunguka kiti ili ashike upande wa pili, na waya wa mashine ya kunyolea ukanasa waya wa diski. Kiboksi kikaruka kutoka kwenye rafu, kikapiga vigae vya sakafu. Muziki ukakatika katikati ya neno.

Kinyozi alikiokota na kukichomeka tena. Kikaanza kugonga: tik, tik, tik.

"Kitikise kidogo," mteja mmoja alishauri.

"Kichomoe, ukichomeke tena," alisema mwingine.

Siku hiyo kila mtu alikuwa fundi. Kinyozi alikitikisa. Alikichomoa na kukichomeka mpaka akachoka. Mwisho akachukua bisibisi, akakifungua, akatazama ndani. Aliona kisahani kinachong'aa kama kioo. Hakuona wimbo hata mmoja.

"Kinyozi," fundi bomba alisema kwa upole, "pole sana. Lakini nimalizie upande wa pili. Siwezi kutembea mjini kama mwezi nusu."

Watu walicheka. Kinyozi hakucheka. Alimaliza kazi, akafunga duka mapema.

Jumamosi kaka alikuja kama kawaida.

"Leo laptopu ina hitilafu kidogo, kaka," kinyozi alisema bila kumtazama.

Jumamosi iliyofuata aliwasha redio. Kaka alikaa, akasikiliza taarifa ya habari na bei za mazao. Kisha akaaga na kuondoka. Kwenye cherehani, mke wa kinyozi alisimamisha kazi.

"Mpaka lini?" aliuliza. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie ndugu yako."

"Nimwambie nini? Kwamba nimemzika akiwa hai?"

Mke wake aliacha cherehani. Alikuja akaketi kwenye kile kiti cha kunyolea.

Jirani yao mmoja alikuwa mtunza maktaba ya muziki kwenye kituo cha redio. Mtaani walimwita Mama Redio. Alipokuja kuchukua gauni lake kwa mshonaji, alishangaa.

"Mbona kimya? Hapa kwenu nimezoea kuingia nikicheza."

Mshonaji alimweleza yote. Mama Redio aliomba kuiona diski. Alipoiona imefunguliwa, uso wake ukabadilika.

"Nani aliifungua?"

"Mimi," alisema kinyozi.

"Ee, jirani yangu! Diski ikianza kugonga, unaizima hapo hapo. Huitikisi. Huifungui. Chembe moja ya vumbi ndani yake ni kama jiwe ndani ya jicho. Lakini twende, namfahamu fundi anayeokoa diski."

Fundi huyo alikaa nayo siku nyingi. Alipowaita, aliwaambia ukweli bila kuzunguka. Karibu nusu ya nyimbo zilikuwa zimepatikana. Kinyozi alitafuta folda ya kaka yake. Ilikuwapo, na majina ya nyimbo yalikuwapo. Alibonyeza la kwanza. Kimya. La pili, kimya. Alibonyeza yote.

"Huwezi kujaribu tena?" aliuliza.

"Nimejaribu, mzee wangu. Sehemu hiyo imekwaruzwa. Diski haijui wimbo upi ni wa thamani."

Kinyozi alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa kaka yake. Alimkuta akimwagilia bustani. Alimweleza kuhusu waya, bisibisi, na zile Jumamosi za uongo. Kaka aliweka ndoo chini.

"Ule wimbo wa treni?" alinong'ona.

"Umekwenda, kaka."

"Ule niliomwimbia mama?"

"Hata huo."

"Na zile kanda?"

Kinyozi aliitazama ndoo. Kaka alielewa. Akainua ndoo, akaendelea kumwagilia. Maji yalikuwa yamekwisha, naye hakuona.

Jumamosi hiyo kaka hakuja dukani. Iliyofuata hakuja pia.

Jioni moja kinyozi alimwita Mama Redio. "Nifundishe," alisema. "Nimechelewa, lakini nifundishe."

Walikaa watatu, pamoja na mshonaji.

"Redioni tunasema hivi," alianza Mama Redio. "Kitu ukiwa nacho kimoja, hesabu kwamba huna. Weka nakala tatu. Ya kwanza ni ile unayoitumia kila siku. Ya pili iwe kwenye diski nyingine. Unaichomeka siku ya kunakili tu, kisha unaichomoa na kuifungia kabatini. Ya tatu ikae nje ya nyumba kabisa."

"Nje wapi? Kwenye banda la kuku?" aliuliza mshonaji.

Mama Redio alicheka. "Kwa ndugu unayemwamini. Au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Moto na mwizi hawachagui. Wakiingia chumbani, watachukua diski zote mbili."

"Nyimbo maelfu kuzipandisha mtandaoni?" alisema kinyozi. "Si nitazeeka nikisubiri?"

"Usianze na zote. Anza na zile ambazo hazipatikani popote tena. Wimbo wa dukani utaununua upya. Sauti ya ndugu hainunuliwi."

Kinyozi aliinamisha kichwa.

"Ukishanakili," Mama Redio aliendelea kwa sauti ya chini, "fungua nakala usikilize. Usiamini kwa macho, maana jina la wimbo si wimbo. Na diski huzeeka kama viatu. Badilisha kabla haijakuacha njiani. Tena, ukihamisha kanda, usitupe kanda."

"Haya yote ningeyajua mwaka jana."

"Mwaka jana hukuniuliza. Nami nilipita hapa kila siku nikifurahia muziki wako, sikukuuliza unauwekaje. Tumekosa wote."

Kinyozi alifanya kama alivyofundishwa. Alinunua diski tatu za kutilia nyimbo zilizookolewa. Ya kwanza aliiweka rafuni. Ya pili aliifungia kabatini. Ya tatu aliipeleka kwa dada yake ng'ambo ya mji, na kila mwisho wa mwezi alikwenda kuongeza nyimbo mpya.

Msimu wa mvua, paa la duka lilivuja juu ya rafu. Laptopu na diski ya kila siku vililowa, vikafa. Kinyozi aliazima laptopu ya jirani, akaitoa diski ya kabatini. Kabla ya mchana muziki ulikuwa ukilia. Wateja hawakujua kama kuna kilichotokea.

"Akiba haiozi," alisema mke wake kwa furaha.

"Kweli," alijibu kinyozi. Alikuwa akilitazama lile kabati. Lingekuwa na diski ndani yake mwaka mmoja kabla, wimbo wa treni na ule wa mama zingekuwa zinalia pia.

Kisha Jumamosi moja kaka alirudi. Safari hii alikuja na binti yake, muuguzi, aliyekua akimsikia baba yake akiimba nyimbo zake jikoni. Kaka alikuwa na gitaa. Kinyozi alifunga mlango, mshonaji akaacha cherehani, simu ikawekwa juu ya kiti kurekodi. Binti aliimba. Kila alipokosea, baba yake alimnong'oneza maneno sikioni. Mahali pengine baba mwenyewe alikuwa amesahau, na hapakuwa na kanda ya kumkumbusha. Waliruka beti hizo.

Kabla hawajaondoka, kinyozi alinakili nyimbo kwenye laptopu na kwenye diski ya kabatini, akazituma mtandaoni. Kisha akafungua kila nakala ili wasikilize.

Kaka alisikiliza, macho yamefumbwa.

"Ameimba vizuri kuliko mimi," alinong'ona.

"Hapana, kaka," alisema kinyozi. "Wewe ulikuwa mwingine kabisa."

Kaka alitabasamu kidogo. "Huna ushahidi, mdogo wangu."

Wote wakacheka. Kinyozi naye alicheka, lakini hakufika mwisho wa kicheko hicho.