Mama Mkwe Alinifungia Dukani Mpaka Vitambulisho Vitoke

"Hutoki humu mpaka vitambulisho vitoke!"

Kacha! Mama mkwe akafunga geti la duka kwa nje. Ufunguo akautumbukiza kwenye pochi, akavuta kiti chake cha plastiki na kuketi kibarazani.

Jamani wasomaji wangu, mtu mzima mimi, mke wa mtu, nimefungiwa kama kuku!

Na mchana huo huo nilikuwa na usaili. Kampuni ya vitabu ilikuwa inatafuta mpangaji wa kurasa. Mara ya kwanza waliponiita, sikufika. Safari hii waliniambia wazi, usipofika tunachukua mwingine.

Nikampigia mume wangu.

"Mama yako amenifungia dukani!"

"Si umalize kazi utoke?"

"Nina usaili leo!"

"Mke wangu, vumilia. Unamjua mama."

Akakata. Ndiye mume huyo niliyemwomba kwa Mungu mwenyewe!

Ngoja niwaeleze. Duka la kuchapisha ni la mama mkwe. Kompyuta ni mimi. Siku hiyo tulikuwa na vitambulisho vya wanafunzi na walimu wa chuo cha wauguzi. Mteja analeta Excel yenye jina, namba na picha ya kila mtu. Programu ya kupanga kurasa inavuta data kutoka humo, kila mstari unakuwa kitambulisho kimoja.

Ikikubali, raha. Ikigoma... utakonda!

Asubuhi iligoma. Jina la mwanaume, picha ya dada mwenye hereni! Mzee mwenye upara kaitwa jina la binti!

"Unatuaibisha!" mama mkwe alifoka. "Kila ukiwa na safari zako kompyuta inaharibika. Una nini wewe?"

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Hata ule usaili wa kwanza nilioukosa, ilikuwa hivi hivi. Nilianza kuamini nina mkosi.

Ndani tulibaki wawili, mimi na wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Yeye anakata kadi na kuzipitisha kwenye mashine ya kuzifunika plastiki. Kazi ya kompyuta nilimfundisha mimi mwenyewe, kwa upendo, maana ndiye pekee katika nyumba ile aliyekuwa ananiuliza nimekula.

"Pole wifi," aliniambia. "Utawahi tu."

Nikakaza moyo. Nikatafuta mstari mtupu katikati, hakuna. Nikatafuta koma iliyojificha ndani ya jina, maana koma moja tu inasukuma kila kitu pembeni. Hakuna. Mwisho nikalitupa faili lote, nikachukua lile la mteja kwenye barua pepe na kuanza upya.

Nikajaribu ukurasa mmoja. Sura na majina yakakutana! Niliruka juu!

"Wifi, imekubali!"

"Ee?" alisema. Hakutabasamu.

Nikaenda msalani, humo humo ndani nyuma ya duka, kunawa uso. Nikarudi, nikavuta data yote ili nichape.

Mzee mwenye upara... jina la binti!

Nilikaa chini, nikalia kwa sauti. Geti limefungwa, saa inakimbia, na hiki kiti nitazeekea juu yake!

Halafu, sijui akili ilitoka wapi. Faili la Excel lilikuwa bado liko wazi. Nikabonyeza Ctrl na Z, ile ya kurudisha nyuma jambo la mwisho lililofanywa.

Kolamu ya majina ikaruka mbele ya macho yangu, kila jina likarudi kwa mwenyewe.

Wasomaji wangu, huwezi kurudisha jambo ambalo hakuna aliyelifanya! Mtu alikuwa amesoti kolamu ya majina peke yake, yaani kayapanga upya kwa alfabeti, picha akaziacha zilipo. Mimi sikufanya hivyo. Mama mkwe alikuwa nje. Na kosa hilo nilimwonyesha mtu mmoja tu, nikimwonya asije akalifanya.

Nikageuka taratibu.

"Wifi... ni wewe?"

Mkasi ukamdondoka.

"Na siku ile ya usaili wa kwanza?"

"Nisamehe, wifi."

"Nimekukosea nini?!"

"Hujanikosea." Alikuwa analia. "Mama ameshasema, ukiondoka wewe, kiti hicho ni changu. Na mimi nimepata nafasi chuo. Ukienda wewe, siendi mimi!"

Nilitaka kumrukia, nawaambia ukweli. Lakini nilimtazama usoni nikajiona mimi. Nikageukia kompyuta.

Tukachapa, akakata, tukapanga kwenye boksi. Nikagonga geti.

"Mama, vimetoka! Nifungulie!"

Mama mkwe akaja. Kabla sijasema neno, wifi akatangulia.

"Mama, ni mimi ninayeharibu. Siku zote ni mimi."

"Wewe?!"

Geti likafunguliwa, wifi akavutwa mkono hadi nje. "Usiguse tena kompyuta yangu maisha yako yote!"

Nikanyanyua mkoba wangu nitoke. Kacha! Likafungwa tena.

"Mwanangu," mama mkwe aliniambia, sauti laini sijawahi kuisikia. "Leo nimejua wewe ndiye wa kuaminika. Huo usaili usahau. Duka hili bila wewe limekufa."

Mnaona?! Wifi kakiri, kawa huru kwenda chuo. Mimi nimesifiwa, nimefungwa! Mpaka leo sijui kama wifi alikuwa ananitetea mimi au anajiokoa yeye.

"Mama," nikasema, "ingia ndani uone kitu."

Akafungua, akaingia. Nikafungua lile faili tulilokwisha kulichapa. Nikachagua kolamu ya majina, nikasoti, nikavuta data. Skrini nzima, sura za watu na majina yasiyo yao!

"Unafanya nini?!"

"Vya leo viko salama kwenye boksi. Ila kesho ukinifungia, vya kesho vitatoka hivi."

Aliitazama skrini, akalitazama boksi. Akasogea pembeni ya geti.

"Toka," akasema.

Nilitoka mbio! Nilifika kwenye ile kampuni natiririka jasho, waombaji wengine wameshaondoka. Mkurugenzi, mama mmoja wa makamo, akanionea huruma, akaniketisha.

"Kwa nini unaacha kazi unayofanya sasa?"

"Walikuwa wananihitaji sana," nikamjibu.

Akacheka, akadhani ni utani.

Dada zangu, kaka zangu, msichanganye kuhitajika na kupendwa. Anayenipenda angeniuliza usaili ni saa ngapi, akanitafutia na nauli. Mume wangu aliniuliza jioni ile swali moja tu: nani atafungua duka kesho.