Mkao wa Corinna

Nikianza kusimulia hili, watu hunikatiza mapema. "Malia, wewe mtu wa midahalo, unapenda kushinda tu." Sawa, napenda kushinda. Lakini hili lilimpata binti wa mama yangu mdogo, Losa, ninayelala naye chumba kimoja hapa Dunedin. Na mwisho wake niliuona kwa macho yangu mawili, saa tisa alasiri, taa zikiwaka, watu wanane wakitazama. Anayetaka kubisha, abishe nikimaliza.

Ilikuwa Jumapili ya kawaida kabisa, mwezi wa sita, mvua ya rasharasha na baridi ya kuuma masikio. Tumetoka kanisani, mama mdogo kajilaza, mimi nakunja mikate ya jibini ya kuoka, Losa anapiga pasi gauni lake la kuogea.

"Gauni la kuogea linapigwa pasi tangu lini?"

"Nina kazi leo." Akanitazama kwa pembe ya jicho. "Ukimwambia mama, nakuua."

Kazi yenyewe ilikuwa kukaa uchi. Karibu na bandari kuna ghala la zamani la sufu, na juu yake wachoraji wanane walikuwa na studio yao, haina jina wala kibao mlangoni. Kila Jumapili hukutana kuchora mwili wa binadamu, na ili wauchore, lazima mtu auvue nguo.

"Mbele ya wazee, Losa?"

"Wazee hawaoni mtu, dada. Wanaona pembetatu na vivuli."

"Na wewe ni pembetatu ipi?"

Akanirushia soksi. Tukacheka mpaka jibini likaungua.

Niseme wazi, maana najua kuna wanaoanza kuguna: sina ugomvi na kazi hiyo. Mwili ni wake. Ni kazi ngumu na ina adabu yake. Modeli, yaani yule anayechorwa, haguswi. Hapigwi picha. Anayeongoza akisema "Pumzika", modeli anashuka, anavaa, anakunywa chai. Neno hilo lisipotamkwa, hutikisiki, hata inzi akitua puani. Hasira yangu iko kwingine, tutafika.

Alirudi saa kumi na moja jioni, mashavu mekundu kwa baridi, na furaha tele.

"Kuna bibi anaitwa Win, kanichora kiwiko saa nzima. Kiwiko! Sidhani kama anajua nina kichwa." Akajitupa kitandani. "Ni mkao mmoja, dada, wiki sita. Nasimama, mkono kwenye mgongo wa kiti, uso nimegeuza dirishani. Na sikupata hata taabu ya kuwekewa alama. Nilizikuta."

"Umekuta nini?"

"Alama za miguu. Modeli akisimama, anazungushiwa utepe wa gundi kwenye jukwaa, ili baada ya chai arudi palepale. Hizi zilikuwepo. Nikaingiza miguu. Zimenienea kama viatu vyangu."

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Nilikuja kuwauliza modeli wengine mjini hapa, na wote walinijibu jambo moja: ukifika, kabla hujavua hata soksi, unang'oa utepe wa mwenzako. Alama za mtu ni mkao wa mtu. Losa alikuwa mgeni, hakujua. Wale wanane walijua.

Wakanyamaza.

Wiki ya pili nilimkuta jikoni. Birika linachemka, linapiga mluzi, yeye kasimama tu. Uzito wote mguu wa kulia. Uso dirishani. Mkono mmoja hewani, vidole vimejikunja, kama mtu aliyeshika mgongo wa kiti.

Hapakuwa na kiti.

"Losa."

Hakugeuka.

"Losa!"

Akageuka polepole, kama shingo ina kutu. "Hajasema," akanong'ona.

"Nani hajasema? Hajasema nini?"

Akapepesa macho. Akazima birika. Akaniuliza kama nataka chai.

Wiki ya tatu goti lake la kushoto lilikataa kukunjika. Mama mdogo, akidhani ni netiboli, alimkalisha sakafuni na kumsugua kwa mafuta ya nazi huku akimsema. "Ndiyo hayo, mnarukaruka kama mbuzi, mkivunjika mimi ndiye muuguzi." Kisha mikono yake ikasimama.

"Kovu hili la lini?"

Tukatazama. Chini ya goti palikuwa na kovu refu kama kidole, jeupe, limetulia, kovu la miaka kumi au zaidi. Nimelala na Losa chumba kimoja tangu tukiwa watoto. Goti lile halijawahi kuwa na kovu.

"Acha kwenda," nilimwambia usiku ule.

"Zimebaki wiki tatu tu."

"Acha, Losa."

"Siwezi kuacha katikati." Halafu akasema jambo ambalo sikulielewa, na kwa sauti ya chini kuliko yake. "Nimesimama muda mrefu sana kuacha sasa."

Jumapili ya nne nikaenda naye.

Ngazi za mbao, harufu ya tapentaini ya kuyeyushia rangi, hita mbili za umeme zikielekezwa jukwaani. Kiongozi wao aliitwa Alasdair: mrefu, ndevu nyeupe, sweta lililotoboka viwiko, sauti laini ya mtu ambaye maisha yake yote hajaambiwa hapana. "Wageni wanakaribishwa," akasema, "ila hawaongei." Ukutani alikuwa ameandika kwa mkaa, herufi kubwa: CHORA UNACHOKIONA, USICHORE UNACHOKIJUA.

Losa akapanda. Akavua gauni. Akatafuta zile alama bila kutazama chini, miguu ikajiingiza yenyewe. Alasdair akategesha saa ya jikoni. Brashi zikaanza kukwaruza.

Nilikaa nyuma kwenye benchi, na kutoka pale niliziona turubai zote walizochorea. Nilidhani nitaona kazi ya wiki tatu. La. Miili mizima ilikuwa imekauka zamani. Rangi ya tumboni na mapajani imeshapata vumbi. Kilichokuwa kibichi ni mikono, magoti na uso. Na kwenye kila turubai, chini ya goti la kushoto, lilikuwepo kovu. Vumbi juu yake. Lilichorwa kabla Losa hajalikanyaga jukwaa lile.

Bibi aliyekuwa karibu nami aliinama kama anayeokota brashi. Alikuwa Win.

"Wewe dadake?" akanong'ona.

"Ndiyo."

"Mtoe hapa, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Hizi picha si zake. Ni za Corinna. Msichana wa kisiwa cha Rarotonga. Alikuwa pale pale, mwezi wa tatu." Midomo yake ilitikisika kwa shida. "Alisema kifua kinambana. Alasdair akamwambia, dakika tano tu, mwanga ni mzuri. Akavumilia. Zikaisha. Akaombwa tano nyingine. Alianguka bila kuambiwa pumzika. Gari la wagonjwa lilipofika alikuwa ameshakata roho."

"Na nyie mkafanya nini?"

Win alitazama brashi yake.

"Tukatoa tangazo. Tulikuwa tumebakiza uso, mikono na magoti."

Nimeyasikia maneno mengi kwenye midahalo, ya kijinga na ya kikatili. Sijawahi kusikia kama hayo. Tangazo. Wanatafuta msichana mrefu, nywele nyeusi, mabega mapana, wa visiwani. Mmoja amewafia mikononi, wanaagiza mwingine wa saizi ileile, kama balbu. Rarotonga kwake, Samoa kwetu, kwao tofauti ni nini? Msichana wa visiwani ni msichana wa visiwani. Na utepe wakauacha makusudi, ili mkao usipotee.

"Kila kiungo tukikimaliza," Win akasema, "kinakuwa cha Corinna. Wiki iliyopita nilichora mdomo. Nilichora ninachokiona. Haukuwa mdomo wa dadako." Akameza mate. "Leo uso unaisha."

Saa ya jikoni ikalia.

Losa hakushuka.

Hakuna aliyeweka brashi chini. Alasdair hakugeuza hata kichwa. "Dakika tano tu," akasema. "Mwanga ni mzuri."

Nikamtazama Losa. Kifua chake kilikuwa kikipanda. Kikashuka. Kikapanda. Kikashuka.

Hakikupanda tena.

"Pumzika!" nikapiga kelele. "Losa, pumzika!"

Brashi zikaendelea kukwaruza. Mwili haukutikisika. Macho tu ndiyo yaligeuka, polepole, yakatoka dirishani yakanifikia. Midomo ikafunguka kidogo. Sauti haikuwa yake.

"Si wewe."

Macho yakahama. Yakamtazama Alasdair.

"Yeye."

Sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka nimesimama kati yake na jukwaa, pua yangu kwenye ndevu zake, nimemzibia asione chochote.

"Sema neno."

"Binti, tulia. Limebaki jicho moja."

"Lisemeni basi ninyi!" nikawageukia wengine. Watu saba wazima. Mmoja alikuwa anachanganya rangi. Mmoja alikuwa amenyoosha brashi mbele ya uso wake, jicho moja kalifumba, anapima. Akanipima mimi.

Nyuma yangu kimya. Hakuna pumzi. Nilikuwa nahesabu kichwani bila kutaka. Thelathini. Thelathini na moja.

Nina vikombe vitatu vya midahalo kwenye kabati. Hoja zote zilinikimbia. Ikabaki moja, na ilikuwa ya kwake mwenyewe, ukutani.

"Sasa huoni kitu," nikamwambia. "Nimekuziba. Haya, tuachane na unachokiona. Unajua nini, Alasdair?"

Akajaribu kuchungulia juu ya bega langu.

"Unajua nini!"

"Alisema kifua kinambana," akasema. Ile sauti laini ilikuwa imepasuka.

"Na wewe?"

"Nikasema dakika tano."

"Halafu?"

"Nikasema tano tena." Brashi ikamdondoka. "Nilimwona anatetemeka. Nilimchora akitetemeka."

"Basi sema."

"Pumzika," akanong'ona.

"Kwa jina lake."

Akafumba macho. "Pumzika, Corinna."

Viungo vililia jukwaani. Magoti, mabega, shingo. Kila mlio niliusikia mara mbili. Kisha nyuma ya sikio langu, karibu kabisa, mtu akashusha pumzi ndefu, nzito, ya mtu aliyeibana tangu mwezi wa tatu.

Losa akaniangukia. Baridi kama samaki wa sokoni, lakini anakohoa, anahema, analia. Nikamfunika gauni. "Malia," akasema, kwa sauti yake, ile ya kukwaruza. "Malia, miguu inaniuma."

"Iume tu. Ni yako."

Ndipo Win akapiga ukelele.

Turubai zote nane. Kiti kilikuwepo. Dirisha lilikuwepo, pazia, jukwaa, mpaka nyufa za mbao. Mwanamke hakuwepo. Mahali pake palikuwa na kitambaa kitupu, cheupe, chenye umbo lake.

Na unajua Alasdair alisema nini? Hakuuliza kama Losa mzima. Hakutaja tena jina la aliyekufa. Alishika kichwa kwa mikono yote miwili akasema, "Picha zangu."

Kabla ya kutoka niling'oa utepe kwa kucha, vipande vyote.

Losa sasa anapanda ngazi mbio. Kovu halipo, mama mdogo analitafuta mpaka leo, anasema macho yake yamezeeka. Wale wanane walisambaza maneno kwamba mimi ndiye niliyefuta picha, kwa tapentaini na kitambaa. Binti wa chuo, kichaa, anapenda fujo. Vizuri. Mimi tuhuma sizikimbii, nazitafutia ushahidi. Win alinipa turubai yake kwa hiari, na baada ya wiki tatu nikaipeleka kwa mama mmoja anayetengeneza picha kuukuu, asiyenijua wala kuwajua wao.

Akaikagua kwa lenzi kwa muda mrefu. "Hapa hapajafutwa kitu," akasema. "Hapa hapajawahi kuguswa na rangi."

Nikataka kushangilia. Yeye akaigeuza aone nyuma, akaiinamia.

Upande wa nyuma palikuwa na doa jeusi la unyevu. Mabega. Mgongo. Makalio. Visigino. Kama mtu amejiegemeza kwenye kile kitambaa kutoka upande wa pili.

"Mmeilowesha lini?"

"Hatujailowesha. Imekaa wiki tatu kando ya hita."

Akagusa kwa ncha ya kidole, akakipeleka ulimini. "Chumvi," akasema. "Ni jasho."

Nikaweka kiganja changu juu ya lile doa. Lilikuwa na joto. Na chini ya kiganja, kitambaa kilikuwa kikipanda na kushuka, polepole, bila haraka yoyote, kama ubavu wa mtu aliyelala.