Meza ya Mlango wa Jikoni

Tangu familia yake ihamie ugenini, binti mmoja alikuwa na kazi mbili: kusoma na kutafsiri. Kusoma kulikuwa na ratiba. Kutafsiri hakukuwa na saa. Lugha ya kule alikuwa ameidaka shuleni kwa miaka miwili tu, na sasa ndiye aliyefuatana na mama yake zahanati, posta na kwa mwenye nyumba. Baba yake, dereva wa lori aliyekuwa safarini wiki nzima, alimbandika jina Balozi.

Balozi aliipenda kazi hiyo, ila alikuwa na tabia moja. Maneno makali hakuyafikisha. Mwenye nyumba akifoka, yeye humwambia mama, "Anakusalimu." Mama naye huitikia kwa tabasamu, na mwenye nyumba hubaki ameduwaa. Balozi aliona hiyo ni huruma. Kwa nini mama anayeshinda amesimama akipiga pasi mashuka ya hospitali aongezewe machungu?

Jumamosi moja mama alitangaza kwamba siku hiyo hapiki. Kazini walikuwa wamempa cheo cha kusimamia chumba kizima cha pasi. "Leo na mimi nihudumiwe," alisema. Akawavalisha wadogo nguo safi. Kulikuwa na Kiherehere, wa miaka minne, ambaye maswali hayamwishi, na Bwana Mkubwa, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka miwili lakini nyumba nzima ilimtii.

Mkahawa ulikuwa na vitambaa vyeupe mezani. Meza nne za dirishani zilikuwa tupu. Mhudumu, kijana aliyefunga tai, aliwatazama watoto kama mtu aliyeona matope kwenye zulia.

"Na watoto hao, mtakaa kule nyuma," alimwambia Balozi kwa lugha ya kule. "Wateja wetu hawapendi fujo."

Fujo gani? Kiherehere alikuwa hajauliza hata swali la kwanza! Damu ilimchemka Balozi. Lakini mama alipouliza, "Anasemaje?" aliimeza hasira yake.

"Meza za dirishani zimeshaagizwa, mama."

"Haya, basi." Mama akamgeukia mhudumu na kumshukuru mwenyewe, kwa neno moja la lugha ya kule alilolijua vizuri.

Meza waliyopewa ilibanana na mlango wa jikoni. Kila ulipofunguliwa uligonga kiti cha mama, na mabakuli ya supu ya moto yalipita juu ya kichwa cha Bwana Mkubwa. Mama akaomba kiti kirefu cha mtoto. "Hakuna," mhudumu alijibu bila kusimama. Balozi akamwambia mama kwamba kinaoshwa.

Mara wakaingia mume na mke na watoto watatu, kelele zao utadhani sokoni. Mhudumu akawapeleka dirishani, tena mbio, na mdogo wao akaletewa kiti kirefu.

Mama alikitazama kile kiti. "Kiti kimeoshwa upesi," alisema.

Balozi aliinamia sahani yake. Papo hapo mlango wa jikoni ulifunguliwa kwa kishindo. Bakuli likayumba mkononi mwa mhudumu, na supu ya moto ikamwagika mezani, shubiri moja tu kutoka mkono wa Bwana Mkubwa. Mtoto akaangua kilio.

"Mshikeni mtoto wenu!" mhudumu alifoka. "Kwenu hamfundishwi kukaa mezani?"

"Amesema nini?" mama aliuliza, akimnyanyua mtoto.

"Anaomba radhi."

"Kwa sura hiyo?"

Balozi alishindwa. Machozi yakamtoka, na maneno yote aliyokuwa ameyaficha yakatoka nayo, tangu ya fujo mpaka ya kufundishwa kukaa mezani.

Mama alimgeukia Balozi kwa ghadhabu. "Kumbe nimemshukuru mtu aliyenidharau!"

"Sikutaka uumie, mama."

"Na mkono wa mdogo wako je? Ningejua tangu mlangoni, tungekaa hapa? Hasira ile ilikuwa yangu, mwanangu. Nani alikutuma uimeze wewe?"

Mwenye mkahawa, mwanamke wa makamo mwenye aproni, alitoka jikoni kuona kulikoni.

"Sasa tafsiri," mama alisema. "Usitie chumvi wala usipunguze."

Balozi alieleza kila kitu: meza, kiti, supu na matusi. Lakini mhudumu hakukosa jibu.

"Walikubali wenyewe! Huyu mama hata alinishukuru. Muulizeni!"

Na ilikuwa kweli. Uongo wa Balozi ulikuwa umegeuka ngao ya mtu aliyewaonea. Akinyamaza, mama ataonekana mzushi. Akisema, mkahawa mzima utajua nani alidanganya. Alimgeukia mhudumu.

"Alikushukuru kwa sababu nilimdanganya," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nilimwambia meza zimeagizwa. Kosa langu ni kuyaficha maneno yako. Kosa lako ni kuyasema."

Mwenye mkahawa aligeuka kutazama dirishani, ambako watoto watatu walikuwa wakigonga sahani kwa vijiko. "Na wale," alimuuliza mhudumu, "ni wazee?"

Mhudumu akaanza kupangusa supu iliyomwagika. Mwenye mkahawa mwenyewe aliwahamishia dirishani, akaleta kiti kirefu, akasema watakula bure.

"Mwambie nitalipa," mama alisema. "Sikuja kuomba. Nataka tuhudumiwe kama watu."

Zamani Balozi angeyatafuna maneno hayo. Safari hii aliyatoa mazima, na mwenye mkahawa aliyapokea kwa kichwa kilichoinama.

Walipotulia, mama alimfuta machozi. "Nisikilize. Anayetafsiri amebeba mzigo wa mwenzake. Ukiwa mzito, ufikishe na uzito wake. Ukiupunguza njiani kwa huruma, unamwacha mwenyewe bila cha kujitetea nacho. Na mwonevu hana rafiki kama mtu anayemfichia. Mimi ni mtu mzima. Niambie ukweli, halafu tuumie wote, tusimame wote."

"Nimekuelewa, mama. Nisamehe."

Mhudumu akaja na supu nyingine, akaitua mezani taratibu, akanong'ona maneno mawili matatu huku akitazama pembeni.

"Amesema nini?" mama aliuliza.

Balozi alimtazama mhudumu, kisha mama. "Amesema samahani. Lakini ameisema shingo upande."

Mama aliangua kicheko hadi Bwana Mkubwa naye akacheka. "Hapo sasa," alisema, "umetafsiri."