Jina Kwenye Nakala

Haya hayakumpata mtu baki. Yalimpata dada yangu wa tumbo moja, na dada yangu hajui kuficha wivu. Ukivaa kiatu kipya, ataangalia soli. Ila kazi anaijua. Hospitalini kwao yeye ndiye mtunza kanzidata, lile ghala la kompyuta lenye mafaili ya wagonjwa wote.

Mchana ule nilimpelekea chakula ofisini. Alikuwa ametengeneza nakala ya kanzidata nzima, ili mafundi wajaribie programu yao bila kugusa ile halisi. Kwanza akakata njia ya nakala kurudi kwenye halisi. Kisha akaanza kufuta majina ya wagonjwa na kuweka ya kubuni, siri zao zisivuje.

Akaingia karani wa mapokezi, ambaye wote humwita Sukari. Tumbo lilimtangulia mlangoni.

"Dada, leo kanipiga teke mpaka nikamwaga chai!"

Dada akacheka naye. Sukari alipotoka, kicheko kikakatika. Nyumbani kwa dada kuna kitanda cha mtoto, miaka yote hukaa na nguo zinazongoja pasi.

"Kaolewa juzi tu," alinong'ona. "Mimi nina kasoro gani, mdogo wangu?"

Akafungua faili la Sukari la kliniki ya wajawazito kwenye nakala. Akafuta jina. Badala ya jina la kubuni, akaandika lake.

"Dada, acha."

"Si nakala tu? Niache nilitazame kidogo."

Alikuwa bado analitazama mafundi walipokuja kuichukua. Hakulibadilisha.

Kesho yake asubuhi alinipigia simu. "Njoo." Basi.

Nilipita mapokezi. Sukari alikuwa amesimama, mwembamba, anapanga mafaili. Nilimuuliza mwenzake kuhusu ile mimba.

"Mimba gani? Huyu hajawahi kushika mimba."

Nilikimbia ofisini. Faili halisi la Sukari halikuwa na mimba. Ile njia ya nakala ilikuwa bado imekatwa. Dada alikuwa ameegemea kiti, gauni limembana. Tumbo lilikuwa kubwa. Kitu kikasogea ndani yake.

"Mrudishie," nilinong'ona.

Akalikumbatia kwa mikono miwili. "Wangu."

Akazaa. Mtoto mzuri, mnene. Dada anamwonea wivu hata upepo. Mimi mwenyewe sijaruhusiwa kumbeba. Lakini tangu ajifungue hajatoa tone la maziwa. Anamlisha kwa chupa.

Juzi alimpeleka kazini wenzake wamwone. Nilikuwepo. Tulipopita mapokezi, mtoto akalia.

Sukari akainua kichwa. Akaacha kuandika. Dada akamfunika mtoto kwa kanga, akaongeza mwendo. Mtoto akazidi kulia.

"Jamani," Sukari alisema taratibu, akijitazama kifuani. "Nimemwagikiwa na nini?"

Blauzi yake ilikuwa imelowa pande zote mbili. Nilimpa leso yangu. Ilirudi na maziwa, bado ya moto.