Kalista na Orodha ya Funguo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kalista Kapinga alichota ndoo mbili za maji bombani, akawasha moto na kubandika chai. Mwezi wa saba Mbinga ni baridi kweli kweli. Ukungu huteremka kutoka milimani ukafunika mibuni, hata mtu asimwone jirani yake aliyeko shambani. Lakini Alhamisi hiyo Kalista hakuisikia baridi. Alikuwa na jambo kubwa kichwani.

"Mama, leo nitachelewa kurudi," alimwambia mama yake, Hilda. "Tunaandaa orodha ya funguo."

"Funguo za nani? Zimepotea?"

Kalista alicheka. "Hapana, mama. Jumamosi watengeneza programu za kompyuta wanafanya mkutano wao shuleni kwetu. Kila mmoja ana ufunguo wake. Si wa chuma, ni namba ndefu iliyomo ndani ya kompyuta. Ujumbe ukifungwa kwa ufunguo huo, mwenyewe tu ndiye awezaye kuufungua. Tena akitengeneza programu, ufunguo ndio unaoonyesha kwamba imetoka kwake kweli."

"Sasa ninyi wanafunzi mnaingiaje hapo?"

"Mtu anaweza kutengeneza ufunguo akauandikia jina lisilo lake. Kwa hiyo wanakutana ana kwa ana. Wanaonyeshana vitambulisho, kila mmoja anasoma alama inayoutambulisha ufunguo wake, halafu wanatiliana sahihi. Ni kama mashahidi wa ndoa. Na mimi ndiye niliyepewa kuipanga shughuli hiyo yote!"

Mama yake aliacha kukoroga uji. "Wewe? Wa kidato cha kwanza?"

"Mimi, mama," Kalista alijibu, akachukua mkoba wake na kutoka mbio.

Ilikuwa kweli. Mwalimu Veneranda, mlezi wa klabu ya kompyuta, alikuwa amemchagua kwa sababu ya wepesi wake na mwandiko wake safi. Washiriki walikuwa thelathini na mmoja, na kila mmoja alikuwa na alama ya herufi na tarakimu arobaini. Kalista alitakiwa kuziandika zote kwenye orodha moja bila kukosea hata moja.

Wengi walituma alama zao kwa ujumbe wa simu. Aliyebaki alikuwa Eliza, dada mmoja wa kijiji cha Lundo, kule ziwani, ambako mtandao ulikuwa umesumbua wiki nzima. Jioni hiyo Eliza alipiga simu ya Mwalimu Veneranda, na Kalista akapokea.

"Andika taratibu, mdogo wangu," Eliza alisema, akaanza kusoma. Sauti ilikuwa ikija na kupotea. Alipofika mwishoni, Kalista alisikia, "Saba, mbili, tisa..." kisha herufi moja, halafu simu ikakatika.

Je, ilikuwa B au D? Kalista alijaribu kupiga mara mbili. Simu haikupatikana. Mwenzake Erasmo alikuwa tayari amesimama kando ya mashine ya kuchapia, akisubiri.

"Vipi, tuchape?" Erasmo aliuliza.

Kalista aliangalia karatasi yake. Aliandika D. Alijiambia kwamba kesho angepiga tena.

Kesho yake alipanga mabenchi, akaandika mabango, akasahau. Mwalimu Veneranda alipokuja kuikagua orodha, alimuuliza, "Huyu wa simu, Eliza, ulimsomea tena alama yake yote naye akaithibitisha?"

Kalista alitaka kusema hapana. Lakini mwalimu alikuwa akitabasamu, na karatasi zilikuwa zimepangwa vizuri mno mezani.

"Ndiyo, mwalimu," alijibu.

Jumamosi wageni walifika mapema kutoka Songea, Kitai, Tingi na Mbamba Bay. Kalista, sare yake ikiwa imepigwa pasi, aliwapokea mlangoni. "Shikamoo! Karibuni! Kila mtu awe na kitambulisho mkononi." Wazee kwa vijana walimtii. Placidi, mwenyekiti wa mkutano, alisimama mbele akainua orodha juu.

"Nimehudhuria mikutano mingi," alisema, "lakini sijaona orodha safi kama hii. Mpigieni makofi binti huyu!"

Ukumbi ukavuma. Kalista alihisi amekua ghafla hadi kimo cha mtu mzima.

Kazi ilianza. Kila mshiriki alisimama, akataja jina na kusoma alama yake, huku wengine wakifuata kwenye orodha kwa kalamu na kuweka alama ya vyema. Wanane wa kwanza walipita salama. Wa tisa alikuwa Eliza. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya upole, na alikuwa ameondoka Lundo jana yake ili awahi.

"...saba, mbili, tisa, B," alimalizia.

Mtu mmoja akasema, "Hapa imeandikwa D."

"Hata kwangu ni D," mwingine akaongeza.

"Yangu ni B," Eliza alisema. "Ndivyo nilivyoisoma kwenye simu."

Placidi alikunja uso. "Dada, kanuni ni moja. Ambaye alama yake hailingani hatiwi sahihi. Mwalimu, alama hii ilihakikiwa?"

Mwalimu Veneranda alisimama. "Ilihakikiwa," alisema bila kusita. "Mwanafunzi wangu alimsomea, naye Eliza akaithibitisha. Namwamini."

Eliza alisema simu ilikatika kabla hajasomewa, lakini minong'ono ikaanza. Bwana mmoja wa Songea aitwaye Modest alisema kwa sauti kwamba pengine huyu si Eliza wa kweli. Eliza alikishika kitambulisho chake kwa mikono miwili. "Nimetengeneza programu ya kuwatahadharisha wavuvi upepo ukichafuka ziwani," alisema. "Wenzangu wa vijiji vingine hawataipokea mpaka ufunguo wangu uwe na sahihi. Nimekuja kwa ajili hiyo tu."

Kalista alikuwa amesimama kando ya ukuta. Hakuna aliyemtazama yeye. Wote walimtazama Eliza. Angenyamaza, mambo yangekwisha, na Eliza angerudi Lundo mikono mitupu, akiitwa mwongo. Na neno la mwalimu wake lingekuwa ndilo lililomfukuza.

Alitembea hadi mbele. Njia ilikuwa ndefu kuliko alivyodhani.

"Dada Eliza hajakosea," alisema. "Mwalimu naye hajakosea. Simu ilikatika nikakisia herufi ya mwisho. Mwalimu aliponiuliza, nilimdanganya. Naombeni radhi."

Alitazama chini, akisubiri kufukuzwa. Modest alisonya. "Sasa tutafanyaje? Orodha yenye kosa haisahihishwi kwa kalamu, kila mtu ataandika lake. Na basi letu linaondoka saa tisa!"

"Nani ataiandika upya?" Placidi aliuliza.

"Mimi, mkiniruhusu," Kalista alisema. "Lakini si ya Dada Eliza peke yake. Nimekosea moja, siwezi kuapa kuhusu zile nyingine. Naomba kila mmoja afungue kompyuta yake anisomee upya, nami nimsomee."

Watu wengine waliguna. Eliza ndiye aliyesogeza benchi la kwanza. "Mwacheni aandike," alisema. "Nitaanza mimi."

Basi Kalista akapita kwa mtu mmoja mmoja. Alisikiliza, akaandika, akasoma tena kutoka mwanzo. Erasmo alimfuata akikagua. Hakuharakisha, ingawa saa ya ukutani ilikuwa ikikimbia. Alipomfikia Modest, yule bwana alitoa kikaratasi mfukoni.

"Samahani, baba," Kalista alisema. "Soma kwenye kompyuta, siyo kwenye karatasi."

Modest aliguna, akafungua kompyuta. Alitazama kioo, akatazama kikaratasi, akatazama kioo tena. "Hii niliyowatumia ni ya ufunguo wangu wa zamani," alisema taratibu. "Ule uliokuwa kwenye kompyuta niliyoibiwa! Mungu wangu! Mngeutia sahihi, mwizi angeweza kujifanya mimi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Modest mwenyewe akacheka.

Saa saba orodha mpya ilikuwa tayari. Safari hii watu wote thelathini na mmoja walisoma, na hakuna hata mmoja ambaye alama yake haikulingana. Walijipanga mistari miwili, wakaonyeshana vitambulisho na kutiliana sahihi. Eliza alipata sahihi zote thelathini za wenzake, na ya kwanza kabisa ilikuwa ya Modest. Basi la Songea nalo waliliwahi.

Wageni walipoondoka, Mwalimu Veneranda alimwita Kalista akamketisha karibu naye.

"Nimekasirika, sikufichi," alisema. "Lakini na mimi nimekosa. Nilisema imehakikiwa, ilhali sikuona kwa macho yangu. Karibu tumwonee mtu asiye na hatia, mimi na wewe. Kazi ya leo yote inasimama juu ya kitu kimoja, mwanangu: ukisema nimehakiki, uwe umehakiki. Hujui, sema hujui. Heshima haipungui kwa kusema hivyo. Na ukikosea, fanya kama ulivyofanya leo. Placidi ameomba mwaka ujao uipange tena wewe."

"Baada ya haya yote?"

"Kwa sababu ya haya yote."

Nyumbani Kalista alimsimulia mama yake kila kitu, akianzia kwenye uongo wake, si kwenye makofi. Mama Hilda alisikiliza hadi mwisho. Kisha alisimama, akajifunga kanga vizuri kana kwamba anataka kutoka saa ile ile.

"Hayo ya funguo bado sijayaelewa vizuri," alisema. "Lakini kesho tukitoka kanisani nitaiambia jumuiya nzima kwamba mwanangu alisimama mbele ya watu wazima akasema kweli. Hilo kila mtu atalielewa."