Gegedu Lililoamka

Kila alasiri Chiriku alipitia maabara alikofanya kazi mama yake. Jina hilo alipewa na bibi, maana mdomo wake haukujua likizo. Maabara ilikuwa baridi, na kabati la joto la kulelea seli lilinguruma polepole, kama kitu kinachopumua usingizini.

Ndani yake mlikuwa na visahani viwili. Kimoja kilikuwa na seli za gegedu la kijana aliyeumia mpirani. Kingine, za goti la bibi, zilizochukuliwa wakati wa upasuaji. Gegedu ndilo mto laini unaozuia mifupa isisagane. Mama alizidondoshea zote kichochea ukuaji, aone kama hata za bibi zitatengeneza molekuli mpya za gegedu.

Siku moja, mama alipotoka kidogo, Chiriku alifungua kabati bila ruhusa. Vifuniko vilikuwa na ukungu. Akavivua, akavifuta kwa shati, akavirudisha. Majina yalikuwa yameandikwa juu ya vifuniko. Kipi kilikuwa cha nani? Akabahatisha.

Siku iliyofuata mama aliinamia hadubini. Kisahani chenye jina la bibi kilikuwa kimetandwa na utando mweupe uliong'aa kama jicho lililofumbuka. Cha kijana kilikuwa kimya kama kaburi.

"Gegedu la mzee limeamka," mama alinong'ona.

Chiriku, aliyezoea kuropoka hata usingizini, alinyamaza.

Habari zilifika nyumbani. Magoti ya bibi yalikuwa yakibisha hodi kabla yake: kra, kra. Eti hata panya walihama kwa hofu.

"Kama yameamka kule, na huku yatasikia," bibi alisema, akaisukumia fimbo yake ya kutembelea uvunguni mwa kitanda.

Jioni ile Chiriku alisikia sauti kwenye ngazi yenye giza. Kra. Kimya. Kra. Mlio wa fimbo, tok, haukuwepo. Akakimbilia ngazini.

"Bibi, usishuke! Nilichanganya vifuniko."

Bibi alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa ngazi, mguu mmoja ukining'inia hewani. Akaketi taratibu.

"Kumbe nimefufuliwa na kifuniko," akasema.

Mama alirudia jaribio, safari hii akiandika majina kwenye visahani vyenyewe. Seli za bibi zilitengeneza kidogo sana.

"Kichochea ukuaji ni mwito tu, mwanangu," alieleza. "Seli changa huitika mara moja. Iliyozeeka husikia kwa mbali, na inachofuma ni haba na hafifu. Mimi nilikosea kuandika jina kwenye kitu kinachovuliwa. Wewe ulikosea kunyamaza. Kosa langu liliharibu jaribio. Ukimya wako ungemvunja bibi. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu hajaukanyaga uongo wako."

Usiku ule ukumbini kulisikika kra, kra, tok. Chiriku akajifunika shuka, akalala.